Filimbi za Mengo na Baragumu za Karagwe

Tarehe 25 Novemba 1861, baada ya safari iliyowatoa Unguja, ikawapitisha Unyamwezi na kuwasumbua kwa maradhi na kwa madai ya hongo ya kila mtawala wa njiani, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia katika makao ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe, huko Bweranyange, wakapokewa kwa adabu ambayo safari nzima ilikuwa haijawaonjesha. Speke aliandika mengi juu ya mwenyeji wake, juu ya ng'ombe wake, juu ya hekima yake na juu ya hazina yake ya vyombo vya shaba na chuma. Lakini miongoni mwa aliyoyaandika imo habari fupi ambayo wasomaji wengi huipita bila kuitulizia macho, nayo ni kwamba mfalme huyo alikuwa na jamaa ya wapiga muziki waliopangwa, waliofunzwa na kuwekwa rasmi katika utumishi wa kasri. Walikuwa watu 16, 14 wapuliza baragumu na 2 wapiga ngoma za mkono. Walipokwenda walijipanga safu tatu, ngoma zikiwa nyuma, miili ikiyumba kwa mwendo wa sauti, na kiongozi wao alitangulia kwa hatua ya ajabu ya wepesi, akigusisha ardhi goti hili kisha goti lile. Na mfalme alipopumzika safarini au alipotoka kuwinda, walimpigia mbele yake akiwa ameketi chini.

Nimeianzia historia hii Karagwe, ambayo ni nchi yetu wenyewe katika upande wa magharibi wa Tanzania, kwa sababu naandika nikiwa Sanya Juu, mji ulio katika uwanda kati ya Kilimanjaro na Meru, ambako mtu akitaja jamaa ya wapuliza ala wanaokutana, kila mmoja na sehemu yake, wakautoa wimbo mmoja, akili ya msikilizaji hukimbilia matarumbeta ya shaba ya usharika, na kutoka hapo hukimbilia Ujerumani, kwa wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893. Fikira hiyo haina kosa kwa matarumbeta, maana asili yake ndiyo hiyo. Bali ina upungufu mkubwa ikichukuliwa kuwa habari ya sanaa yenyewe. Kugawana wimbo mmoja kati ya vinywa vingi ni maarifa yaliyokuwa yamekamilika katika nchi za Maziwa Makuu kabla meli ya misheni haijatia nanga Mombasa au Tanga, na jamaa iliyoyafikisha maarifa hayo kwenye ubora wa juu, kwa ala za mmea mtupu, ni wale waliojulikana katika Buganda kwa jina la abalere ba Kabaka, yaani wapiga filimbi wa mfalme.

Neno ninalotaka kulisimamia katika kurasa hizi ni hili: ala ya kupuliza hubaki maadamu yuko mtu mmoja anayeijua, lakini jamaa ya wapulizaji hubaki maadamu ipo taratibu inayowakutanisha, inayowalisha na inayowaletea vijana wa kuwarithi. Taratibu hiyo ikivunjika, filimbi huonekana bado ukutani na wimbo husikika bado katika kinywa cha mzee, ilhali jamaa imekwisha kufa. Na atakayetaka kuifufua hana budi kujenga upya kile kilichowaketisha wapigaji pamoja, jambo gumu kuliko kuchonga filimbi mia.

Ala za Karagwe alizozisikia Speke zilikuwa, kwa maelezo yake, za matete na zenye vipande vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine kama darubini ya baharia, akazifananisha sauti zake na bendi za askari wa Kituruki. Katika nchi jirani za Buganda, Bunyoro na Busoga ala za namna hiyo zimedumu kwa jina la amakondere au bigwala, na kwa hizo twaweza kuujua ufundi wake kwa hakika. Shingo za vibuyu hukaushwa, hukatwa, hutiwa moja ndani ya nyingine na kugandishwa hadi ipatikane baragumu iliyopinda, yenye tundu ubavuni ambalo mpigaji hulitia midomo. Baragumu moja aghalabu hutoa sauti moja tu, au mbili. Kwa hiyo mpigaji mmoja, hata akiwa hodari namna gani, hana wimbo. Wimbo hupatikana watu watano au zaidi wanapoketi pamoja na kila mmoja akaitia sauti yake mahali pake, wala si kabla wala si baada, hata masikio ya msikilizaji yakaiunganisha mfululizo. Mtu mmoja asipokuja, wimbo hutoboka. Hapana sanaa inayomfundisha binadamu kwa ukali zaidi haja yake kwa mwenzake, na wala si ajabu kwamba wafalme waliifanya kuwa alama ya ufalme, maana ufalme nao ulidai kuwa mkusanyiko wa koo nyingi, kila moja na wajibu wake.

Kutoka Karagwe Speke aliendelea Buganda, akafika katika makao ya Kabaka Mutesa wa Kwanza mwezi Februari 1862. Pale alikuta ufalme mkubwa zaidi, na muziki wa kasri uliogawanyika katika idara nyingi zaidi. Siku alipoitwa mbele ya mfalme aliwaona wapigaji waliovaa ngozi kubwa za mbuzi migongoni, wakicheza huku wakipuliza ala za matete zilizopambwa kwa shanga za nakshi mbalimbali, na kutoka katika ala hizo zilining'inia ngozi za wanyama wa jamii ya paka, na ngoma ndefu za mkono zikashika mwendo. Msafiri huyo hakuwa mjuzi wa muziki, na macho yake yaliona mapambo kabla masikio yake hayajaisikia sauti. Hata hivyo ushahidi wake unatosha kutuambia kwamba katika mwaka 1862 upulizaji wa ala za mmea ulikuwa umeshika nafasi yake katika hadhara ya Kabaka, una mavazi yake, una mapambo yake, na una watu waliofanya kazi hiyo.

Filimbi ya Kiganda huitwa endere, na kwa kuitazama tu mtu hawezi kukisia ilivyo na mambo. Ni bomba la shina la mmea lenye uwazi ndani, urefu wake kiasi cha dhiraa au pungufu, limewekwa wazi juu na chini. Ukingo wa juu umechongwa pengo dogo, na chini, karibu na mwisho, yamechomwa matundu manne kwa chuma cha moto. Mpigaji huliegemeza bomba kwenye kidevu, mdomo wa chini huziba sehemu ya uwazi, na pumzi huelekezwa kwa wembamba kwenye makali ya lile pengo. Pumzi ikienda juu kidogo au chini kidogo kuliko inavyopaswa, husikika upepo mtupu. Vidole viwili vya mkono wa kulia na viwili vya mkono wa kushoto hufungua na kuziba matundu, na pumzi ikikazwa sauti huruka ikapanda juu zaidi kwa vidole vile vile. Hivyo ala yenye matundu manne huwa na sauti nyingi kuliko matundu yake, na mpigaji hodari huzipita zote kwa wepesi, akitia katikati ya sauti safi mvumo wa pumzi ambao kwa masikio ya Waganda ni sehemu ya uzuri wa filimbi yenyewe.

Mtu mmoja aweza kupiga endere peke yake, na wachungaji wa mifugo na vijana katika vijiji walifanya hivyo kwa burudani yao. Lakini katika kasri la Kabaka walikusanyika wapigaji watano au sita, wenye filimbi za urefu mbalimbali, fupi ikishika sauti za juu na ndefu ikishika za chini, wakifuatana na ngoma nne. Hapo ndipo ilipozaliwa jamaa. Nyimbo walizozipiga zilikuwa na maneno, hata pale ambapo hapakuwa na mwimbaji, kwa sababu Kiganda ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, na mwendo wa wimbo hufuata mwendo wa matamshi. Kwa hiyo msikilizaji wa kasrini aliposikia filimbi aliyasikia pia maneno ya wimbo, yaani visa vya wafalme waliopita, na sifa, na huzuni, na maonyo ambayo pengine mtu asingethubutu kuyatamka kwa ulimi mbele ya mtawala.

Ili filimbi za urefu mbalimbali zipatane, lazima wachongaji wake wawe na kipimo kimoja masikioni. Kipimo cha Buganda huigawa daraja ya sauti, kutoka sauti moja mpaka ile inayofanana nayo juu, katika hatua tano zinazokaribiana sana kwa ukubwa. Jambo hilo lilithibitishwa kwa chombo cha kupimia na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa Kijerumani aliyehamia Uganda mwaka 1937, ambaye mwaka 1950 alitangaza katika jarida la sayansi la Nature matokeo ya kupima kinubi cha Kiganda. Wataalamu wa Ulaya walistaajabu kuona kwamba mafundi wasio na uma wa sauti wala kitabu waliweza kushika mgawanyo wenye usawa wa namna ile kwa kusikia tu, kizazi baada ya kizazi.

Tena abalere hawakuwa peke yao. Kasri lilikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopigwa na watu sita, ambazo 12 kati yake zililinganishwa sauti hata zikatoa wimbo. Lilikuwa na akadinda, marimba makubwa ya vipande 17 au 22, yaliyokaliwa na watu sita, watatu upande huu na watatu upande ule. Lilikuwa na wapiga kinubi, na wapuliza amakondere, na ngoma tukufu za Mujaguzo zilizokuwa ishara ya enzi yenyewe. Kila jamaa ilikuwa na mkuu wake, na kazi ilifanywa kwa zamu: wapigaji walitoka vijijini kwao, wakakaa kasrini muda uliopangwa, kisha wakarudi mashambani na wenzao wakashika nafasi. Watumishi hao walipata ardhi ya kulima kwa sababu ya utumishi wao, na ukoo au kijiji kilichopewa wajibu huo kilijua kwamba kukosa kijana wa kurithi ala ni kuhatarisha heshima na riziki pamoja. Mtoto alianza kwa kusikiliza, akapewa sehemu nyepesi, akasahihishwa na mjomba au babu, na siku mzee alipokosekana palikuwa na mwingine wa kuketi mahali pake. Shule ya namna hii haikuwa na jengo wala cheti, lakini ilikuwa na kila kitu kingine ambacho shule huhitaji: walimu, wanafunzi, mitaala ya nyimbo, mtihani mbele ya mfalme, na mshahara.

Na mtu asidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Afrika peke yake. Mwaka 1782, miaka 80 kabla ya Speke kufika kwa Mutesa, Kaisari Joseph wa Pili wa Austria aliweka katika mji wa Vienna jamaa ya wapulizaji wanane, wawili wa oboi, wawili wa klarineti, wawili wa pembe na wawili wa fagoti, wawe wakimpigia mezani na katika faragha yake. Mabwana wengine wa Vienna walimwiga, na kwa miaka michache nyumba nyingi za wenye vyeo zikawa na jamaa ya kupuliza, na kazi ya kuwapangia nyimbo ikawa na faida hata Mozart, katika Julai ya mwaka ule ule, alimwandikia baba yake kwamba ilimbidi aharakishe kuipanga kwa wapulizaji opera yake mpya, asije mtu mwingine akamtangulia na kuichuma faida yake. Lakini utukufu huo ulisimama juu ya hazina za mabwana. Vita vya Napoleon vilipozikausha hazina hizo, nyumba moja baada ya nyingine ikawaachisha kazi wapulizaji wake, na muziki uliokuwa kila mahali ukawa nadra. Wapulizaji hawakusahau kupuliza, wala Mozart hakufutika katika karatasi. Kilichoondoka ni ule mkono uliowaketisha meza moja.

Mfano huo una sehemu ya pili yenye kutia moyo. Mwaka 1879, mjini Paris, mpiga filimbi Paul Taffanel aliunda chama cha muziki wa ala za kupuliza ambacho hakikuwa na kaisari wala bwana. Chama hicho kilitegemea wasikilizaji walionunua nafasi zao, watunzi walioombwa kutunga nyimbo mpya, na wapigaji waliofunzwa katika chuo cha muziki cha taifa. Charles Gounod alikitungia mwaka 1885 wimbo wa ala 9 ambao hata leo hupigwa. Chama chenyewe kilikoma mwaka 1893, Taffanel alipochukuliwa na kazi za Opera na ualimu wa chuo; lakini kwa kuwa alikuwa amekwisha kuacha wanafunzi na vitabu vya nyimbo, wengine walianzisha vyama vyao kwa mfano wake, na silsila haikukatika. Basi twaona kwamba kasri si lazima. Kilicho lazima ni kuwapo kitu kinachofanya kazi ya kasri.

Katika Buganda kasri liliendelea kufanya kazi yake hata baada ya wamisionari wa Kiprotestanti kufika mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, na hata baada ya ukoloni kuwekwa kwa mkataba wa 1900. Mabadiliko yalikuja kwa njia nyingine. Watoto wa watu wenye vyeo walipelekwa shuleni, ambako nyimbo za dini zilifundishwa kwa kinanda na ngoma ikahesabiwa kuwa mambo ya ushenzi; ada ya mkristo mwema ikawa kujitenga na sauti za kale, na kijana mwenye kutaka ukarani hakuona sababu ya kujifunza endere. Hata hivyo Kabaka Daudi Chwa, aliyetawala mpaka 1939, na baada yake mwanawe Mutesa wa Pili, walidumisha wapigaji wa kasri, na zamu ziliendelea katika kasri lao la Mengo. Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Kiafrika, alifika na mashine yake mwaka 1950 na tena 1952, akaunasa muziki wa kasri katika sahani; na Joseph Kyagambiddwa, Mganda mwenyewe, mwaka 1955 alichapisha kitabu kizima juu ya muziki wa nchi yake, akithubutu kuueleza kwa nota na kwa hoja mbele ya ulimwengu. Wachsmann naye, akiwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda kutoka 1948 hadi 1957, hakuridhika kuziweka ala ndani ya kabati za vioo. Alitaka zipigwe, na wapigaji waliajiriwa wawe wakizipiga mbele ya wageni. Miongoni mwa waliofanya kazi pamoja naye alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri, bingwa wa marimba na filimbi, ambaye jina lake litarudi baadaye.

Ishara ya kwanza ya msiba ilionekana tarehe 30 Novemba 1953, serikali ya Kiingereza ilipomkamata Mutesa wa Pili na kumpeleka uhamishoni London. Alirudi tarehe 17 Oktoba 1955, watu wakafurahi. Uganda ikapata uhuru mwaka 1962, na mwaka uliofuata Kabaka akawa rais wa kwanza wa nchi, jambo lililoonekana kwa wengi kuwa ni ushindi wa mambo ya kale na mapya kwa pamoja. Lakini hitilafu kati yake na waziri mkuu Milton Obote iliendelea kukua, na alfajiri ya tarehe 24 Mei 1966 majeshi yaliyoongozwa na Idi Amin yakashambulia kasri la Mengo. Mutesa aliruka ukuta, akapenya mpaka Burundi, kisha akaishia London, ambako alifariki tarehe 21 Novemba 1969. Kasri liliteketezwa, na ngoma nyingi za ufalme zikaangamia. Wapigaji waliopona walitawanyika vijijini, na katika siku zilizofuata ilikuwa ni hatari kwa mtu kujulikana kuwa alikuwa mtumishi wa Kabaka. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Zamu zilizokuwa zikizunguka kwa vizazi zilikoma, na abalere wakakoma pamoja nazo, ingawa karibu kila mmoja wao alikuwa bado na pumzi kifuani na filimbi nyumbani.

Karagwe hapakuwa na mizinga. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, serikali iliona kwamba taifa moja halipatani na utawala wa machifu wengi. Uchaggani kwetu cheo cha Mangi Mkuu kilikuwa kimekwisha ondolewa mwaka 1960, na sheria ya mwaka 1963 ikamaliza kazi za machifu nchini kote. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba umoja tulioupata ulikuwa na thamani kubwa, na kwamba taifa lisilomwuliza mtu kabila lake ni neema ambayo majirani zetu wengi waliitamani. Lakini mtu anayeipenda nchi yake lazima aone pia kilichopotea upande mwingine wa mizani. Machifu walipoondoka, zile jamaa za wapulizaji na wapiga ngoma zilizokuwa chini ya nyumba zao hazikuhamishiwa popote; hakuna aliyezichukia, wala hakuna aliyezipokea. Kwa mizinga au kwa karatasi, matokeo yalifanana.

Kilichobaki Uganda kilibaki kwa sababu ya watu wachache waliokataa kuacha. Muyinda alikusanya wapigaji waliotawanyika na vijana wapya, akaunda kundi lililochanganya filimbi, vinubi, zeze, marimba na ngoma, ala ambazo kasrini kila moja ilikuwa na jamaa yake na nafasi yake. Wako waliolalamika kwamba mchanganyiko huo haukuwa wa asili. Mimi naona kwamba mtu aliyenyang'anywa nyumba yenye vyumba saba akajenga chumba kimoja chenye kuwaweka wote hakukosea. Tangu mwishoni mwa 1959 Muyinda alikuwa akimfundisha marimba kijana wa Austria, Gerhard Kubik, ambaye aliziandika nyimbo hizo kwa tarakimu, na kwa njia hiyo maarifa ya kasri la Mengo yakasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Muyinda alifariki mwaka 1993. Albert Ssempeke, aliyeingia kasrini akiwa kijana kama mpiga filimbi, alipoona kwamba wapiga kinubi wanakwisha, alijifunza kinubi pia, akayafundisha yote kwa wanawe na kwa wageni, miongoni mwao Peter Cooke wa Edinburgh, aliyetumia miaka mingi kuurekodi na kuueleza muziki huo. Ssempeke alifariki mwaka 2006, naye ni mfano mzuri wa ninayoyasema: mtu mmoja alihifadhi ala nyingi kifuani mwake, na bado mtu mmoja hawezi kuwa abalere.

Falme zilirudishwa mwaka 1993, na tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa Buddo. Ngoma zililia tena. Lakini ardhi na zamu na mafunzo ya wajomba havikurudi kwa kutangazwa. Ndipo wenye busara wakaelewa kwamba kazi haina budi kuanza chini kabisa. Shirika la UNESCO lilipoandika bigwala ya Busoga mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, waliotwaa kazi hiyo, wakiongozwa na James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, walikuta kwamba hata vibuyu vyenyewe vya kutengenezea baragumu vilikuwa vimeadimika, kwa sababu watu walipoacha kupiga waliacha pia kuvipanda. Ikabidi kwanza zitafutwe mbegu, zipandwe, zivunwe, vibuyu vikaushwe, ndipo wazee waliobaki wawafundishe vijana. Isabirye aliendelea na entenga, akamtafuta mzee Musisi Mukalazi Livingstone, mmoja wa wapigaji wa kasri la kabla ya 1966, akawaketisha vijana mbele yake, na ngoma 15 zikasikika tena. Ni kazi ya mkulima na ya mwalimu kabla haijawa kazi ya msanii.

Sasa nirejee mlimani. Hapa Sanya Juu, na kote katika miteremko ya Kilimanjaro, vikundi vya tarumbeta vya sharika vina uhai ambao watu wengi hawaufikirii, kwa kuwa wameuzoea. Vijana hufundishwa na wakubwa wao, ala hununuliwa kwa sadaka na hutunzwa na usharika, na kila sikukuu na kila msiba huwa na kazi inayowangoja, hata mpigaji asiyehudhuria mazoezi huulizwa yuko wapi. Usharika, pasipo kukusudia kuiga Mengo, umefanya yale yale yaliyofanywa na kasri: umetoa mahali, umetoa ala, umetoa wajibu, umetoa warithi. Kwa hiyo muziki uliotoka Ujerumani umedumu miongoni mwetu kuliko baragumu za Karagwe. Sababu haipo katika ubora wa shaba juu ya kibuyu. Ipo katika kuwa huu umepata nyumba na ule ulifukuzwa nyumbani kwake.

Jambo hilo laweza kurekebishwa, na si kwa gharama kubwa. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, hapo Usa River, mwendo mfupi kutoka kwetu, kinafundisha muziki hata shahada. Bagamoyo iko taasisi ya sanaa iliyoanza kama chuo mwaka 1981. Na shule za Uganda zimekwisha onyesha njia kwa kuchonga endere za bomba la plastiki la maji, ala ya bei ndogo ambayo mtoto yeyote aweza kuimiliki. Shule ya sekondari yenye wanafunzi sita wa filimbi, mwalimu mmoja aliyefunzwa, saa mbili za mazoezi zilizoandikwa katika ratiba, na siku tatu za mwaka ambazo kikundi kinatakiwa kupiga mbele ya wazazi, ina kila kitu alichokuwa nacho Kabaka isipokuwa kiti cha enzi. Watu wa Karagwe wawe na baragumu zao tena, na watoto wetu wa Siha na Hai na Moshi wajue, wanaposhika tarumbeta za shaba, kwamba bara hili lilikuwa na wapulizaji 14 waliojipanga mbele ya mfalme wao miaka mingi kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Machame. Wakijua hivyo watapuliza vizuri zaidi, na wataidai nchi yao iwape baragumu pamoja na tarumbeta.